Jinsi ya kuchagua mbegu ya kuku wa kienyeji (acha kuchinja jogoo aliyetakiwa kubaki)

Maswali ni yale yale kila siku. "Kuku wangu wanazidi kuwa wadogo, shida nini?" "Mitetea wanataga mayai nane wanaatamia, nifanyeje?" "Ninunue jogoo wa kuchi nichanganye?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka, so naweka yote hapa kwa mpangilio, mwingine akiuliza apewe hii asome.

Kabla ya hatua yoyote elewa kitu kimoja. Jogoo anayekua haraka ndiye anayefikisha uzito kwanza, kwa hiyo ndiye mnunuzi anamshika kwanza, ndiye anachinjwa Idi au Krismasi, ndiye anakimbizwa na watoto mgeni akija. Anayebaki bandani ni yule aliyeshindwa kukua, na huyo huyo ndiye anapanda mitetea wote mwaka mzima. Fanya hivyo miaka mitano mfululizo alafu uniulize kwa nini kuku wamedumaa. Hakuna aliyewaroga, umechagua mbegu wewe mwenyewe ila umechagua kinyume. Mwongozo wote huu ni kugeuza hicho kitu tu.

Naongelea kienyeji orijino, hawa wetu wa asili, iwe ni kishingo (wa shingo isiyo na manyoya), kuchi, ching'wekwe, singamagazi, au mchanganyiko wa kijijini usio na jina. Chotara nitawagusa kidogo mbele.

Andaa hivi kwanza

- Mitetea 8 na kuendelea, na majogoo angalau watatu wa kuchagulia. Ukiweza kuwa na mitetea 24 hivi utagawa makundi matatu, hapo ndo raha
- Daftari la kaunta na kalamu. Usiniambie unakumbuka kichwani
- Mizani, ile ya digito ya jikoni inatosha kwa vifaranga, kwa wakubwa tafuta ya kuning'iniza kama ya wauza samaki
- Pete za miguu za rangi rangi, ukikosa chukua zip tai za mafundi umeme
- Matenga au vyumba vidogo vya wavu vya kutenga kuku
- Penseli ya kuandikia kwenye yai (sio maka peni, wino unapenya ganda)
- Tochi yenye mwanga mkali
- Chanjo ya mdondo, ndui na gumboro
- Muda. Kienyeji anaanza kutaga akiwa na miezi 6 mpaka 8, kwa hiyo hesabu kizazi kimoja ni kama mwaka. Anayetaka matokeo miezi mitatu akanunue vifaranga wa kisasa

Hatua ya 1: Amua unataka nini, mambo mawili tu

Watu wanataka kuku mkubwa, anataga sana, haatamii ila analea vizuri, haugui, rangi nyeupe, mkali kwa mwewe. Huyo kuku hayupo. Kila sifa unayoongeza inapunguza kasi ya zile nyingine kwa sababu kuku wanaofuzu vigezo vyote wanabaki wawili bandani. Chagua mbili, zikizidi sana tatu.

Uzito na kasi ya kukua vinarithiwa vizuri, utaona mabadiliko mapema. Idadi ya mayai inarithiwa kidogo na inategemea sana chakula na malezi, kwa hiyo inasogea polepole na bila daftari huwezi kabisa. Alafu hivi viwili vinavutana: mwangalie kuchi, mrefu, mzito, jogoo wake anakuja mpaka juu, lakini kutaga ni mvivu. Bei ya kuchi mara nyingi ni bei ya sifa, kama biashara yako ni mayai achana naye.

Angalia na unapoishi. Pwani huku Dar, Tanga, Lindi, kishingo ana faida ya kweli, ngozi iliyo wazi inapoza mwili na protini ya manyoya inaenda kwenye nyama. Ukiwa Makete au Njombe kwenye baridi ile, huyo mwachie mwingine. Na kama huna mashine ya kutotolesha usithubutu kuchagua mitetea wasioatamia, nani atakutotolea?

Hatua ya 2: Sawazisha malezi

Kama mtetea mmoja analala jikoni anakula makombo ya ugali na mwingine anashinda jalalani, ukiwapima unapima chakula, hupimi mbegu. Kuku unaowalinganisha wawe wa umri mmoja, banda moja, chakula kimoja. Sio lazima chakula cha dukani, pumba na mashudu ya alizeti na dagaa kidogo vinatosha, ila wote wapate.

Chanjo ya mdondo usiruke. Ile ya mdondo inayoitwa I-2 ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu, inavumilia joto kuliko zile nyingine lakini usiiache juani. Ndui na gumboro mfuate afisa mifugo wako akupe ratiba.

ANGALIZO: kuna watu wanasema "mimi sichanji, wanaobaki baada ya mdondo ndo mbegu ngumu". Hapana. Wengi wanaopona wamepata kinga kwa kuugua, na kinga hiyo haiwi ukoo, watoto wao wakikutana na mdondo wanaangukia pale pale. Utapoteza kuku 40 upate watano, na hao watano hujawachagua wewe, bahati ndo imewachagua.

Hatua ya 3: Weka alama tangu siku ya kwanza

Kifaranga ukimkosa siku anatotolewa, ukoo wake umepotea. Njia rahisi ni kutoboa kitundu kidogo kwenye ngozi iliyo kati ya vidole, siku ya kwanza, kwa kitobolea kidogo kisafi. Kila mguu una nafasi mbili, jumla nne, ukichanganya kutoboa na kuacha unapata alama 16 tofauti. Kila mama mpe alama yake. Akikua unamvisha pete yenye namba, na zip tai usiikaze, acha nafasi ya kidole na kagua kila wiki mbili maana mguu unanenepa, pete inazama kwenye nyama na kuku anachechemea.

Hatua ya 4: Daftari

Usiandike vitu ishirini, utaacha ndani ya mwezi. Kwa kila mtetea andika: namba yake, mayai ya mtago huu (tangu aanze kutaga mpaka aatamie), mangapi yametotolewa, vifaranga wangapi wako hai wiki ya 8, na tarehe aliyorudi kutaga. Mstari wenyewe unakaa hivi:

*Na. 7, pete nyekundu, mayai 14, ametotoa 11, wiki ya 8 hai 9, amerudi kutaga 12/6*

Kwa vifaranga andika alama ya mama, uzito wiki ya 8 na uzito wiki ya 16. Pima asubuhi kabla hawajala, la sivyo unapima gole (kile kifuko cha chakula shingoni) lililojaa mahindi.

Mtetea gani kataga yai lipi? Kama wako wachache utazoea, kila mmoja yai lake lina umbo na rangi yake, na watoto wa nyumbani wanajua hili kuliko wewe, waulize. Kama wengi, walaze kwenye matenga uwafungulie saa nne asubuhi, wengi watakuwa wameshataga.

Kama kuku wako wanajitafutia wenyewe, namba ninayoiamini kuliko zote ni hiyo ya vifaranga hai wiki ya 8. Inabeba kila kitu kwa pamoja, kutaga, kuatamia, kulea, kukimbia mwewe. Mtetea wa mayai 18 anayebaki na vifaranga watatu hana maana yoyote kwako.

Hatua ya 5: Jogoo (hapa tulia usome vizuri)

Mtetea mmoja akiwa mbovu anakuharibia watoto kumi. Jogoo mmoja akiwa mbovu anakuharibia wote. Kwa hiyo kazi kubwa iko hapa na ndipo wengi wanachukulia poa, wanachagua jogoo mwenye mkia mzuri na sauti kubwa.

Anza na mama yake. Jogoo hatagi, ila mabinti zake watataga kile alichorithi, na hicho hukioni kwenye mwili wake hata umkague vipi. Fungua daftari, toa mitetea wako wawili watatu bora, majogoo utakaowaangalia watoke kwa hao tu. Hata kama kuna jogoo mkubwa zaidi mtoto wa mama mbovu, muuze, huyo ndo wa sikukuu.

Kisha uzito. Wiki ya 8 bakiza nusu iliyo nzito, wiki ya 16 mpaka 20 bakiza wachache wa mwisho. Ulinganishe wa rika moja, jogoo wa miezi saba kumzidi wa miezi mitano sio habari.

Kisha mshike mkononi:
- macho yote mawili yanang'aa na yanafanana, mdomo haujapishana
- vidole vimenyooka, miguu imeachana, magoti hayagongani
- mfupa wa kidari umenyooka, pitisha kidole uusikie
- kidari kipana, sio kama kisu
- upanga mwekundu, magamba ya miguuni laini (yakiwa yamevimba yamenyanyuka ni upele, tibu kwanza)

Mwisho tabia. Jogoo mzuri anaita mitetea akiona chakula na anapanda bila kuwachana migongo. Anayerukia watoto na kuwapiga kipi, toa, ukali wa kuonea watu unarithiwa. Kumkimbiza mwewe ni kitu kingine, huyo mpe heshima yake.

Bakiza na jogoo mmoja wa akiba kila kundi, barabara na kicheche havijui kama huyu ndiye uliyemchagua.

Uwiano ni jogoo 1 kwa mitetea 8 mpaka 10.

Hatua ya 6: Mitetea

Daftari ndo linaamua, mkono unathibitisha. Mgeuze, anayetaga mlango wake wa kutolea yai ni mpana na una unyevu, na kati ya ile mifupa miwili ya nyonga vinaingia vidole viwili vitatu. Asiyetaga mlango wake ni mdogo, mkavu, kidole kimoja kinabana. Usimhukumu mtetea anayelea au anayenyonyoka manyoya, hapo wote wanakuwa wakavu.

Usimhukumu pia kwa mtago wa kwanza. Mtetea mpya anataga machache na madogo, subiri mtago wa pili.

Hatua ya 7: Gawa familia ili damu isirudi

Mtu ana kuku 100 anadhani damu ni pana. Kama jogoo ni mmoja, vifaranga wote wa mwaka huu ni ndugu wa baba mmoja, mwakani wanapandana wenyewe kwa wenyewe, na ukimwacha baba anapanda mabinti zake. Matokeo ni mayai hayatotolewi, vifaranga wanyonge, vidole vimepinda.

Dawa yake: gawa mitetea makundi matatu, A, B na C, kila moja na jogoo wake asiye ndugu na wenzake. Mabinti wanabaki kundi la mama yao. Vijana bora wanahama, wa A anaenda B, wa B anaenda C, wa C anaenda A. Kila mwaka mzunguko huo huo, haubadilishi. Jogoo wa zamani lazima atoke, usimwonee huruma, akibaki anawapanda watoto wake na mpango wote umekufa. Ukifuata hivi utaenda miaka mingi bila kuhitaji jogoo wa nje.

Huna nafasi ya makundi matatu? Shirikiana na majirani wawili, kila nyumba iwe kundi. Au badilisha jogoo kila mwaka, umtoe kijiji cha mbali, na akifika akae peke yake wiki tatu kabla hajagusa wenzake. Jogoo wa mnadani aliyeingizwa bandani jioni ile ile ndo anakuja na mdondo.

Hatua ya 8: Kukusanya mayai ya mbegu

Hapa ndo kosa namba moja. Umebadilisha jogoo Jumatatu, Ijumaa unakusanya mayai unasema ni ya jogoo mpya. Si kweli, mtetea anahifadhi mbegu ya jogoo mwilini, inaweza kufanya kazi wiki mbili na wakati mwingine zaidi. Subiri wiki tatu kamili ndipo uanze kukusanya.

Na hii inasaidia wenye kuku wanaozurura. Huhitaji kuwafungia mwaka mzima kukwepa jogoo wa jirani. Fungia mitetea wa mbegu pamoja na jogoo wao wiki tatu, ongeza na siku za kukusanya mayai, baada ya hapo fungulia waende zao.

Mayai yenyewe: ukubwa wa kati kwa kuku wako, umbo la kawaida, masafi. Usioshe, yenye uchafu mwingi kula. Andika namba ya mama na tarehe kwa penseli. Weka mahali pa baridi penye kivuli, ncha nyembamba chini, yageuze kila siku, na yasizidi siku 7. Yakifika siku 14 yanayototolewa yanapungua.

Sasa ujanja wa bibi zetu: mtetea wa kwanza akianza kuatamia mpe mayai mawili ya kudanganyia, subiri wengine wawili watatu waanze, ila usimkalishe hivyo zaidi ya wiki moja hivi. Kisha usiku mmoja wote wape mayai ya mbegu, 10 mpaka 13 kwa mwili wake. Siku ya 21 unapata vifaranga wengi wa rika moja, na hapo kulinganisha uzito kunakuwa na haki. Kila mtetea mwekee mayai ya mama mmoja, ukichanganya hujui nani ni wa nani.

Siku ya 7 piga tochi kwenye yai gizani uone ndani. Yenye mishipa yanaendelea, yaliyo meupe toa, siku ya 14 rudia.

Hatua ya 9: Chuja kwa awamu

Siku ya kwanza toa wenye vilema. Wiki ya 8 pima, majogoo nusu ya chini wapeleke kundi la kunenepesha. Wiki ya 16 mpaka 20 chagua majogoo wa mwisho, mitetea toa wadogo kabisa tu. Baada ya mtago wa pili ndo chuja mitetea kwa daftari. Usichuje wote siku moja kwa hasira, na usiuze kabla hujajaza mbegu yako. Mnunuzi akija na hela nzuri akamtaka jogoo wako wa pete nyekundu, mwambie hauzwi, mpe mwingine.

Hawa wana mambo yao

Kishingo: mwenye kishada cha manyoya chini shingoni amebeba jeni moja, mwenye shingo tupu kabisa amebeba mbili. Vishada wawili wakipandana, katika vifaranga wanne tegemea mmoja shingo tupu, wawili vishada, mmoja manyoya kamili. Kwa hiyo ukiona kifaranga mwenye manyoya usimtuhumu jogoo wa jirani.

Wa manyoya ya kusimama, wengine wanamwita kidimu wengine nungunungu: usipandishe wawili wenye manyoya hayo. Robo ya watoto wanatoka na manyoya yanayokatika katika, wanabaki uchi, baridi inawamaliza. Mpandishe na wa manyoya ya kawaida, utapata nusu kwa nusu.

Wale wafupi kabisa wanaotembea kama wanatambaa: wapo wenye jeni ambayo kifaranga akiipata kwa baba na kwa mama anafia ndani ya yai. Mfupi kwa mrefu, hapo salama.

Kibutu asiye na mkia mara nyingi mbegu haishiki vizuri. Punguza manyoya yanayofunika mlango wa jogoo na mtetea, inasaidia.

Chotara: Kuroiler asili yake India, Sasso Ufaransa, ni kuku wazuri kwa kazi yao. Ila ukimpandisha kwa kienyeji, watoto wa kwanza wakubwa unafurahi, wajukuu wanatoka kila mmoja na sura yake, na kuatamia kunapungua au kunapotea. Ukitaka nyama ya haraka fanya, watoto wote uza. Usiwarudishe kundi la mbegu.

Ukikwama

*Mayai mengi meupe ukipiga tochi.* Mitetea wamemzidi jogoo, au jogoo ni mzee au mnene sana, au mayai yalikaa muda mrefu. Mtoe, weka jogoo wa akiba wiki tatu uone.

*Vifaranga wanafia ndani ya yai siku za mwisho.* Kama ni familia moja tu, shuku damu imekaribiana. Kama ni zote, angalia lishe ya mitetea na kama mtetea anatoka sana kiotani kwa sababu ya utitiri. Inua manyoya ya mtetea usiku na tochi, utawaona.

*Vidole vimepinda.* Hesabu ile ile, familia moja ni damu, banda zima ni chakula au baridi ya siku za kwanza.

*Vizazi viwili vimepita uzito haujasogea.* Mara nyingi unabakiza wengi mno. Ukibakiza majogoo 8 kati ya 10 hujachagua chochote, bakiza 1 au 2. Kama umebakiza wachache na bado, rudi hatua ya 2, chakula cha mwaka huu na cha mwaka jana havifanani.

*Uzito umepanda mayai yameshuka.* Umewachagua majogoo kwa mizani peke yake. Mwaka mmoja acha mizani pembeni, chukua watoto wa mitetea wanaotaga tu.

*Majogoo wa akiba wanauana.* Wakue pamoja tangu vifaranga na wasione mitetea, watenge kwa kitu kisichopitisha macho kama bati au mabua. Ukishamtoa mmoja akakaa na mitetea wiki mbili usimrudishe kwa wenzake, atafutiwe tenga lake.